Bwana Shamba Anajibu: Kichanja cha Maharage Kilicholala Chini

Bwana Shamba, shikamoo. Nina bustani ya mboga nyuma ya nyumba, kwenye tuta la ngazi, hapa Lushoto. Msimu uliopita nilipanda maharage ya kutambaa katika mstari wa mita sita. Nilisimika nguzo mbili za mkaratusi, moja kila mwisho, nikavuta waya tatu kati yake, na maharage yakapanda vizuri mpaka yakafunika waya zote. Yalipoanza kujaza maganda, mvua ya usiku mmoja iliyokuja na upepo ikalaza kila kitu. Nguzo hazikuvunjika, bali zilichomoka na kulala pamoja na mimea. Mume wangu anasema zilikuwa nyembamba na sasa anataka kununua nene zaidi. Je, unene gani unatosha?
Mama wa bustani, Lushoto

Marahaba, mama. Jibu la swali lako limo ndani ya barua yako mwenyewe, pale uliposema kwamba nguzo hazikuvunjika. Nguzo iliyoshindwa kwa wembamba huvunjika. Iliyochomoka ilishindwa na shimo. Kwa hiyo mwambie baba aziweke kwanza fedha zake, kwa maana nguzo nene kama mgomba, ikizikwa shibiri moja ardhini, italala vilevile, na safari hii itaangukia mboga nyingine ikiwa na uzito mkubwa zaidi.

Ukuta wa maharage uliokwisha kufunga majani haupishi upepo. Wiki ya tatu, wakati kuna nyuzi chache tu zinazopanda, upepo hupita katikati na kichanja husimama bila taabu, ndiyo maana wengi wetu hujiona mafundi. Wiki ya tisa ukuta huo umekuwa tanga la jahazi, umebeba maganda mabichi na maji ya mvua juu ya kila jani, na udongo wa chini umelowa na kulainika. Mambo haya huja pamoja, usiku mmoja, kama yalivyokujia wewe. Kichanja basi hujengwa kwa kufikiria usiku ule, wala si kwa kutazama mche wa leo.

Tuanzie miguuni. Kwa nguzo ya mwisho yenye urefu wa mita 2.5, dhiraa moja ardhini, yaani takriban sentimita 45, ndicho kiwango cha chini ninachokubali, na penye udongo tifutifu kama wa bustani iliyolishwa samadi kwa miaka mingi ningeshuka hadi sentimita 60. Usiipigilie kwa nyundo, kwani utaipasua kichwa na mguu wake utabaki umelegea. Toboa kwa mtaimbo, ingiza nguzo, kisha rudisha udongo kidogo kidogo pamoja na mawe madogo, ukishindilia kila tabaka kwa mpini wa jembe. Ukiishika nguzo na kuitikisa, usisikie mchezo wowote chini. Ukiusikia, anza upya.

Baada ya miguu, umbo. Kichanja chako kilikuwa ukuta mmoja uliosimama wima, na ukuta wa namna hiyo hauna kinachouzuia kuanguka kushoto au kulia. Ukitaka kubaki na waya, kila nguzo ya mwisho ifungwe kwa waya wa mshazari unaotoka karibu na kichwa chake kwenda kwenye kigingi kilichopigiliwa nje ya mstari, na katikati ya mita zako sita uongeze nguzo ya tatu yenye mhimili kila upande. Hata hivyo, kwa bustani ya nyumbani mimi ningeacha waya na kujenga kichanja cha miguu miwili, kilichokaa kama paa la nyumba.

Kichanja hicho hakihitaji nguzo nene. Tafuta fito za mita 2.2 hadi 2.5, zenye unene unaozidi kidole gumba kidogo na usiofika mpini wa jembe. Zisimike katika mistari miwili iliyoachana kwa sentimita 70, fito moja kila sentimita 30, kila moja ikiingia ardhini sentimita 30 na kuinamia mwenzake wa upande wa pili. Ziache zipishane juu kwa urefu wa kiganja, ili kila jozi ifanye panda. Ndani ya panda hizo laza ufito mmoja mrefu kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha funga kila jozi pamoja nao kwa kamba ya katani, kamba ya mgomba iliyoloweshwa, au utepe uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Mimi hupendelea mpira huo, kwa sababu huvutika wakati wa kufunga na kujikaza wenyewe unapoachiwa, ilhali kamba ya mgomba hulegea inapokauka usipoifunga mbichi.

Hapa ndipo wengi humalizia, na hapa ndipo kosa la pili hukaa. Paa hili haliwezi kuanguka ubavuni, lakini laweza kulala kwa urefu wake, jozi moja ikiisukuma nyingine kama karata zilizopangwa mezani. Dawa yake ni fito mbili za mshazari, moja kila upande, zinazoanzia chini ya mguu wa kwanza na kupanda hadi karibu na kilele cha jozi ya tano au ya sita, zikifungwa kila zinapokutana na ufito mwingine. Fito mbili tu. Nimeona vichanja vilivyotumia fito 60 vikilala kwa kukosa hizo mbili.

Kwa kuwa bustani yako iko kwenye tuta la ngazi, usijenge ukingoni. Udongo wa ukingo ni wa kujazwa, haushiki, na upepo unaopanda kutoka bondeni hugonga hapo kwanza. Rudi ndani walau hatua moja. Nafasi ikiruhusu, elekeza mstari kaskazini kusini ili upande wa mashariki upate jua la asubuhi na wa magharibi la alasiri. Lakini kama upepo mkali wa kwenu hukata mstari huo kwa ubavu, mimi ningeufuata upepo na kulisamehe jua.

Jambo la mwisho kwako, mama, ni wakati. Kichanja kisimame kabla ya kupanda mbegu, au kisizidi wiki mbili baada ya kuota. Anayechimbia fito wiki ya tano huchimbua mizizi. Mbegu tatu kila mguu wa ufito, baadaye ubakize miche miwili iliyo imara.

*

Mwalimu wangu wa kilimo, niko Nyandarua, Kenya. Nina wavu ambao minji hupanda bila shida. Mwaka huu nimeutumia kwa maharagwe ya kupanda na nusu yake yamelala chini. Nimejaribu kuyazungusha kwa mkono kwenye nguzo za wavu, lakini asubuhi nayakuta yamejifungua. Je, mbegu ni mbovu?
Msomaji wa Nyandarua

Mbegu ni nzima, ndugu yangu. Minji, ambayo sisi huku twaiita njegere, ina vikono vyembamba kwenye ncha za majani, navyo hushika uzi wowote mwembamba vinaokutana nao. Maharage hayana vikono. Hupanda kwa kuusokota mwili wake wote, shina lenyewe likizunguka kitu kilichosimama, na kwa hiyo huhitaji njia inayokwenda juu, yenye kukwaruza kidogo, si matundu mapana ya nailoni laini. Ukichomeka kijiti kimoja kila mche au ukiufuma wavu huo kwa kamba za katani zinazoshuka wima, utaona tofauti ndani ya siku chache.

Kuhusu kujifungua, tazama kwa makini mche mmoja ulioshika wenyewe. Ukiutazama kutoka juu, utaona umezunguka kinyume na mwendo wa mshale wa saa, na miche mingine yote imefanya hivyo hivyo. Wewe bila shaka uliizungusha kwa upande wa mkono ulioona mwepesi. Maharage hayabembelezwi kuhusu upande. Yakisokotwa kwa upande usio wake hujifungua na kuanza upya. Angalia pia unene wa nguzo zako: nguzo inayojaza kiganja ni pana mno na laini mno kwa shina changa kuikumbatia.

*

Naishi Mbagala, Dar es Salaam. Nimewekea maharage kamba nzuri kwenye ukuta wa uani, yamefika juu ya paa, yanatoa maua na maua yote yanapukutika. Niongeze kamba?
Mkazi wa Mbagala

Kamba zako hazina kosa. Maharage ya kawaida ni zao la mahali penye baridi kiasi, na joto likizidi nyuzi 30 kwa siku nyingi mfululizo, hasa usiku nako kukiwa na fukuto, maua hudondoka kabla ya kufunga maganda. Ng’oa, uache kamba, upande kunde ndefu za kutambaa au fiwi, ambazo zimezoea pwani.

*

Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi Musanze, Rwanda. Huku kila mtu analima maharage ya kutambaa, lakini fito ni ghali kuliko mbegu. Zangu za matete zimeoza kwa msimu mmoja, na zile za miti zimeliwa na mchwa. Nifanyeje?
Mgeni wa Musanze

Umefika penyewe. Maharage ya kutambaa yalienea sana nchini Rwanda kuanzia miaka ya 1980, kwa sababu penye ardhi ndogo na rutuba ya kutosha huzaa mara mbili ya maharage ya kichaka au zaidi, kwani yanatumia hewa ambayo yale mengine hayaifikii. Gharama yake ndiyo hiyo uliyoigusa, na kwa shamba kubwa fito huhesabiwa kwa makumi ya maelfu kwa hekta.

Matete hayatakupa zaidi ya msimu mmoja, au miwili kwa bahati, kwa hiyo yatumie kama vijiti vya kati tu. Simika fito tatu za mti kwa umbo la mafiga, uzifunge vichwa pamoja, kisha kati ya kundi moja la mafiga na jingine vuta kamba juu na nyingine chini, na kati ya hizo mbili ushushe nyuzi za katani. Fito zitapungua sana. Usizikaze nyuzi kama za zeze, maana katani hufupika inapolowa, nayo inaweza kung’oa kamba ya chini au kuinamisha mafiga. Msimu ukiisha, kata nyuzi pamoja na mabua yake, vyote viende kwenye mboji. Kwenye mipaka ya kiwanja panda kaliandra. Ukiikata mara kwa mara huchipua, ikakupa fito na majani ya mifugo.

Kuhusu mchwa, usipake oili chafu ya gari, kwa kuwa hapo ndipo mizizi ya chakula chako inapokaa. Menya gamba la ufito, kwa kuwa mchwa huanzia chini yake, uanike mpaka ukauke, kisha uchome mguu wake juu ya moto mpaka uwe mweusi kuanzia ncha hadi kiganja kimoja juu ya usawa wa ardhi. Hakutauzuia mchwa milele, bali kutauchelewesha. Na siku ya kuvuna, usiziache fito shambani zikingoja msimu ujao: zichomoe, futa mabaki yote ya mashina, kwa kuwa ugonjwa wa ukungu uitwao chule huweza kubaki humo, kisha zianike juani na kuzisimamisha ukutani chini ya paa, miguu ikiwa juu ya mawe.