Reli ya bustanini, maswali na majibu: koleo kwanza, kichwa baadaye

Barua za mwezi huu kuhusu treni ndogo za mfano tunazozijengea njia bustanini ni nyingi, na karibu nusu zinauliza jambo lilelile. Nianze nalo nilimalize.

Ninunue kichwa gani cha treni cha kuanzia? (Wasomaji sita, kutoka Hamburg mpaka Moshi)

Hakuna. Nunua koleo. Pale njia itakapopita, chimba mtaro wa kina cha sentimita 15 hadi 20, jaza kokoto, shindilia, mwagia ndoo mbili za maji, kanywe chai, halafu rudi uangalie. Kama maji bado yamesimama, hujamaliza kuchimba. Wanaotanguliza kichwa nawajua: mwaka wa pili bado wanakizungusha kwenye zulia la sebuleni.

Nataka kujenga reli ya zamani ya Mombasa, lakini jirani anasema vifaa vya Ulaya havina kipimo chetu. Ni kweli? (Nairobi)

Jirani yako hajashika rula. LGB, watengenezaji wa treni za bustanini wa Nuremberg, walipoanza kuuza mwaka 1968, walitumia njia yenye upana wa milimita 45 kati ya reli na reli, na kipimo cha 1:22.5, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 22.5. Zidisha mwenyewe: unapata milimita 1,012.5, yaani karibu mita moja kamili. Mita moja ndiyo geji (upana kati ya reli mbili) ya reli yenu ya zamani, na ya Reli ya Kati kutoka Dar hadi Kigoma. Waswisi wa Graubünden nao wanayo, ndiyo maana maduka yamejaa mabehewa yao mekundu na yetu hayamo. Ya kwetu itabidi uyaunde kwa mkono.

Ila usichanganye. SGR, ile reli mpya, ni milimita 1,435, kwa hiyo juu ya reli hiyohiyo ya 45 inataka kipimo cha 1:32. Ukiiweka pembeni ya behewa la 1:22.5, itaonekana kama mtoto aliyefuatana na baba yake sokoni. Sanduku likiandikwa "G" tu, herufi inayobandikwa kwenye vipimo vyote hivi, weka chini, muulize muuzaji namba ya kipimo.

Na kwa kuwa najua unakoelekea (wote mnaelekea huko): Garratt za daraja la 59, yale majitu ya vichwa vya mvuke ya reli yenu, zilikuwa 34, zilijengwa na Beyer Peacock wa Manchester, zikapewa majina ya milima. Mount Gelai imesimama kwenye makumbusho ya reli hapo hapo Nairobi. Nenda na futi kamba, usitegemee picha za simu. Ile ni karibu mita 32. Bustanini kwako itakuwa mita 1.4. Zile kona za nusu kipenyo cha sentimita 60 zinazokuja ndani ya boksi wape watoto. Wewe anzia mita 2.

Treni inasimama palepale kila asubuhi. Nimeshabadilisha transfoma mara mbili. (Muscat)

Na ya tatu utaibadilisha bure. Tatizo liko kwenye maungio. Shaba ya manjano hupata utando, vumbi likaingia, umeme ukachoka njiani. Pima volti kabla na baada ya kila ungio; pale zinaposhuka ndipo pa kufungua, kusafisha na kukaza kwa vibano vya skrubu. Kisha peleka jozi ya pili ya nyaya upande wa mbali wa mzunguko. Msasa mkavu wa kukwaruza usiuguse: mikwaruzo ndiyo nyumba ya uchafu.

Huko kwenu jua pia litakutafuta. Mimi hapa Bavaria niliunga mita 10 bila kuacha nafasi, asubuhi moja ya Aprili yenye ubaridi. Julai, saa nane mchana, nikakuta reli imejikunja ubavuni kama nyoka na mataruma matatu (vile vipande vinavyolaliwa na reli) yamechomoka. Mita 10 za shaba zikipata joto la ziada la nyuzi 30 hurefuka karibu milimita 6, na zisipopata pa kwenda zinajitafutia.

Naweza kutumia mchanga wa ufukweni badala ya kokoto? (Tanga)

Hapana. Una chumvi, na punje zake huingia kwenye gia. Wala usilete vile vikokoto vya mviringo vya mtoni, vinateleza. Tumia vilivyopondwa, vyenye kingo.

Mataruma ya mbao? (Morogoro)

Waulize mchwa.

Kichwa kinashindwa kupanda kilima, magurudumu yanazunguka tu. (Bielefeld)

Umeandika mwenyewe sentimita 5 kwa kila mita. Shusha hadi 2, au punguza mabehewa.

Mume wangu amenunua kichwa cha mvuke wa kweli, na gesi yake ya kuchemshia maji anaijazia mezani jikoni. Niwe na wasiwasi? (London)

Ndiyo, dada yangu, tena leo hii. Gesi hujazwa nje, kichwa kikiwa kimepoa, pasiwe na moto wala kichwa kingine kinachowaka karibu. Tangi likiandikwa butani, ni butani. Propani ina shinikizo kubwa zaidi, na kale katangi hakakuundwa kwa ajili yake. Akimaliza kukuitikia, mwonyeshe ndani ya birika lenu la chai. Ile chokaa nyeupe ndiyo anayoipeleka kwenye boila akitumia maji ya bomba. Akinge ya mvua, ayachuje.