Wajane wa Kiyahudi wa Italia walipataje mali?

SWALI: Dada, habari za kazi. Kwenye Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya 27, wale mabinti watano wa Selofehadi walipewa urithi kwa sababu baba yao hakuacha mtoto wa kiume, maana yake kaka akiwepo binti hapati kitu. Sasa mbona nasikia Italia ya miaka ya 1500 kulikuwa na wajane wa Kiyahudi wenye mali nyingi sana? Walikuwa wanavunja sheria ya dini yao au?
Msomaji, Tanga

JIBU: Salama mdogo wangu. Hapana, hawakuvunja. Sheria umeisoma vizuri tena ni kali kuliko ulivyosema, mume anamrithi mkewe ila mke hamrithi mumewe, mjane anachodai ni kile alichoandikiwa kwenye ketuba, yaani mkataba wa ndoa, pamoja na mali aliyotoka nayo kwao. Basi.

Ila marabi tangu zamani walishasema hivi, ukiandika "fulani atanirithi" na yeye si mrithi kisheria maneno yako ni bure, lakini ukiandika "nampa zawadi" imepita, mali ni yako mpe umtakaye ungali hai. Humo ndimo wanawake walimopatia mali.

Mfano ninaoupenda ni Benvenida Abravanel. Wayahudi walifukuzwa Napoli mwaka 1541, yeye na mumewe Samuel wakahamia Ferrara, Samuel akafariki 1547 akiwa amemwachia mkewe mali yote, na hapo ugomvi ukaanza maana kuna mtoto wa kiume Samuel alizaa nje ya ndoa akaja kupinga ule wosia, kesi ikawafikia marabi wakubwa akiwemo Meir Katzenellenbogen wa Padua. Mama wa watu aliendelea na biashara ya kukopesha pesa akiwa mjane, na mimi namheshimu sana kwa hilo, kufiwa na kushtakiwa kwa wakati mmoja si mchezo.

Huko kwa Wayahudi wa Ujerumani na Poland walikuwa na ujanja mwingine, na huu nauona wa akili kweli. Binti akiolewa baba anamwandikia hati kwamba anadaiwa na binti yake pesa nyingi mno, deni la kulipwa saa moja kabla hajafa. Baba akifa kaka wanachagua wenyewe, walipe deni lote au wampe dada yao nusu ya fungu la mtoto wa kiume. Tuseme kaka ni wawili na dada mmoja, mali inagawanywa mafungu matano, kila kaka mawili, dada moja. Anayejua mirathi ya Kiislamu ataona hesabu ni ileile, tofauti ni kwamba hapa si haki ya sheria, ni deni, baba asipoandika binti hana lake.

Na kuandika wosia wao wenyewe? Waliandika, hasa wajane maana mali yao haikuwa tena na mume wa kuirithi. Pale Roma karne hiyohiyo kulikuwa na wathibitishaji wa hati Wayahudi, Judah na Isaac Piattelli, waliokuwa wakiandika hati za watu kwa Kiebrania, kwa hiyo mama hakulazimika kwenda kwa Mkristo kueleza mambo ya nyumbani kwake.