Maswali ya Wasomaji: Vidonge vya Kupunguza Uzito na Sufuria ya Nyumbani

Barua za mwezi huu zimetoka Kampala, Busia, Tororo na Arua, na karibu zote zinauliza jambo moja: nipungue vipi, tena haraka? Tumechagua tano.

Swali: Nina miaka 34. Dada mmoja wa saluni aliniuzia vidonge vya kupunguza mwili. Kopo limeandikwa "mitishamba asilia asilimia 100". Kwa siku 9 nimepungua kilo 4, lakini moyo unanienda mbio, mdomo unakauka na usiku sipati usingizi. Muuzaji anasema ndiyo dalili kwamba mafuta yanayeyuka. Niendelee? (Dada wa Ntinda, Kampala)

Jibu: Dada, acha vidonge hivyo leo. Mafuta yakipungua mwilini hayaupeleki moyo mbio. Moyo kudunda, mdomo kukauka na usingizi kuruka ni dalili zinazojulikana za sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula ambayo zamani iliuzwa kihalali. Dawa hiyo hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Uchunguzi mkubwa kwa watu wenye maradhi ya moyo au hatari ya kuyapata ulionyesha kwamba walioimeza walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi kuliko wenzao, na mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani. Hata hivyo haijatoweka. Wakaguzi wa dawa wa nchi mbalimbali wameikuta mara nyingi ndani ya makopo ya "mitishamba" ambayo lebo yake haiitaji kabisa. Kopo lako hatuwezi kulihukumu bila kulipima maabara, ila mwili wako umeshatoa onyo la kutosha.

Sasa zile kilo 4. Tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zipatazo 7,700, kwa hiyo kilo 4 ni kama 30,800. Zigawe kwa siku 9, unapata zaidi ya 3,400 kwa siku. Mwanamke wa kawaida hutumia kalori kama 2,000 kwa siku nzima. Hata ungekaa bila kula chochote siku zote hizo, usingemaliza mafuta kiasi hicho. Kilichotoka kwa wingi ni maji, choo, na akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, ambayo kila gramu yake hushika takriban gramu 3 za maji. Ukiacha vidonge, kilo mbili au tatu zinaweza kurudi ndani ya wiki moja. Usishtuke ukavirudia: ni maji yaleyale yamerudi mahali pake.

Kopo usilitupe. Ukipata maumivu ya kifua, pumzi ikikata, ukizimia, au uso ukipinda na mkono kulegea upande mmoja, nenda hospitali saa hiyohiyo na kopo mkononi. Kama huna hayo, kesho nenda kituo cha afya upimwe shinikizo la damu na mapigo baada ya kukaa umetulia dakika 5, na umweleze mhudumu wazi umemeza nini na kwa siku ngapi. Kama unatumia dawa za sonona, liseme hilo kwanza, kwa sababu sibutramini ikichanganyika nazo inaweza kuleta homa, mtetemeko na kuchanganyikiwa. Kisha toa taarifa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA, ili wenzako wasiuziwe kopo hilohilo.

Mtu akikuletea kidonge kingine, tafuta kwenye pakiti jina la dawa yenyewe na miligramu zake, mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, halafu muulize mfamasia kama imesajiliwa Uganda. Pakiti inayosema "asilia" bila kutaja kilichomo, irudishe. Chai za kukausha tumbo nazo tuzitaje, maana nyingi ni sanamaki, dawa ya kuharisha. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori zimeshafyonzwa katika utumbo mwembamba, kwa hiyo unapoteza maji na potasiamu tu. Vidonge vya kukojoza kama furosemidi hufanya vivyo hivyo. Potasiamu ikishuka sana, misuli hukaza na mapigo ya moyo huvurugika.

Swali: Nina kilo 91, urefu mita 1.62. Daktari ameniandikia orlistati. Je, nayo ni hatari kama vile vingine? Na mchuzi wa karanga niuache? (Mama wa Jinja Road, Kampala)

Jibu: Hapana Mama, hii ni dawa halisi yenye kazi inayoeleweka. Chukua uzito, gawa kwa urefu mara urefu: 91 kwa 2.62 ni karibu 35. Kuanzia 30 ni unene uliopita kiasi, na hapo ndipo dawa hii huandikwa. Orlistati huzuia karibu asilimia 30 ya mafuta ya chakula yasifyonzwe. Kidonge cha miligramu 120 humezwa wakati wa mlo au ndani ya saa moja baada yake, si zaidi ya mara 3 kwa siku. Mlo ukikosa mafuta, au usipokula, ruka kidonge.

Mafuta yasiyofyonzwa lazima yatoke, na karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Bakuli zima la binyebwa, yaani huo mchuzi wa karanga, pamoja na kidonge litakuletea choo chenye mafuta na haja ya ghafla usiyoweza kuizuia, hata ukiwa ndani ya teksi. Upawa mmoja mdogo, bila kuongeza mafuta ya kupikia, kwa kawaida huvumilika. Wengi huitupa dawa hii wiki ya kwanza wakidhani imewadhuru, kumbe mlo ulikuwa na mafuta mengi mno.

Dawa hii hupunguza pia vitamini A, D, E na K, kwa hiyo meza kidonge cha vitamini wakati wa kulala. Mwambie daktari kama unatumia dawa za VVU, dawa ya tezi la shingo au warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), kwani inaweza kuzipunguzia au kuzibadilishia nguvu. Kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango na ukaharisha sana, ongeza kondomu. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie. Baada ya wiki 12 pima: kama hujapungua asilimia 5, kwako kilo 4 na nusu hivi, kwa kawaida daktari huisimamisha. Na bila kubadilisha chakula, matokeo yake ni kidogo mno.

Swali: Nataka kupungua lakini mume wangu na watoto watatu hawataki "chakula cha dayati". Napika sufuria mbili kila jioni na nimechoka. (Mama wa Busia)

Jibu: Pika sufuria moja, Mama, na hiyo moja ndiyo ibadilike. Anayekula peke yake mboga za kuchemsha huku wenzake wakila chapati mbele yake hachukui mwezi kabla ya kurudi kwenye chapati. Tena mabadiliko yenyewe ni madogo kuliko unavyodhani.

Anza na mafuta. Andika tarehe kwenye jerikeni la lita 3 siku unapolifungua. Likiisha kwa wiki mbili, ninyi watano mnakula kila mmoja kama mililita 43 kwa siku, sawa na kalori 350 hivi. Likidumu mwezi, ni mililita 20, kalori kama 165. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya kalori 180 kwa kila mtu, kila siku, na hakuna aliyepunguziwa mlo. Acha kumimina kutoka kwenye jerikeni, tumia kijiko cha mezani: vijiko 3 vinatosha mchuzi wa watu watano. Kitunguu kikianza kushika chini, ongeza maji kidogo na ufunike. Chapati ipakwe mafuta kwa brashi au kijiko kidogo. Kama mtoto wa mwisho hajafika miaka 2, yeye msimpunguzie mafuta.

Kisha sahani. Kwetu Uganda sahani ya heshima hubeba matooke (ndizi za kupika), posho (ugali), wali na kiazi kitamu kwa pamoja, na mboga inawekwa ukingoni. Matooke yaliyofungwa kwenye majani na kuivishwa kwa mvuke hayana mafuta, ni chakula kizuri kabisa. Shida ni kuyalundika na vingine vitatu vya jamii yake. Chagueni kimoja kwa mlo, au viwili kwa kiasi cha kimoja. Kipande cha posho kwako kiwe ukubwa wa ngumi yako, mume wako ngumi yake. Nusu ya sahani iwe mboga kama dodo, nakati, sukuma au kabichi, na robo iliyobaki maharage, samaki, mukene (dagaa) au yai. Pakua jikoni, sufuria isije mezani. Mboga peke yake iletwe ili anayetaka kuongeza aongeze hiyo.

Sukari ya chai itoke kwenye chupa ya chai. Mnapotia sukari ndani ya chupa nzima, hakuna anayejua amekula vijiko vingapi. Kikombe cha vijiko 3, mara tatu kwa siku, ni gramu 36, na Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku, sawa na vijiko 6 vya chai. Kila mtu atie mwenyewe na apunguze nusu kijiko kwa wiki, ulimi huzoea. Soda ya nusu lita ina vijiko 12 hadi 13. Iacheni iwe ya sikukuu.

Mahali mpango unapoharibikia ni mchana. Mtu anaruka chai ya asubuhi na chakula cha mchana, jioni anafika kwa muuza roleksi, ile chapati ya kukunjiwa mayai, akiwa hoi. Chapati, mayai mawili na mafuta ya kukaangia vinaweza kupita kalori 500, na nyumbani chakula bado kinamsubiri. Ni heri kula maharage mchana kuliko kushinda na njaa. Tatizo jingine ni konzi za karanga unapoonja huku unapika.

Jioni tembeeni pamoja dakika 30, siku 5 kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Mvua ikinyesha, fanyeni ndani: mwaka 2020, wakati wa zuio la korona, Rais Museveni alionyesha kwenye video kwamba kukimbia chumbani na pushapu vinatosha. Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo, mizani ileile. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Karibu na siku zako unaweza kuongezeka kilo moja ya maji, usiihesabu.

Swali: Maji moto ya ndimu asubuhi yanayeyusha mafuta ya tumbo? (Kijana wa Tororo)

Jibu: Hayayeyushi, ndugu. Yakichukua nafasi ya chai ya sukari, umeokoa sukari, basi. Mwenye vidonda vya tumbo yatamchoma.

Swali: Mwanangu wa miaka 10 ana kilo 52. Shangazi yake anataka kumpa nusu ya kidonge chake cha kupunguza mwili. (Baba wa Arua)

Jibu: Kataa kabisa, Baba, na vidonge hivyo vifungiwe mahali mtoto hafiki. Mtoto anarefuka, hivyo mara nyingi lengo ni uzito usimame pale ulipo huku urefu ukiongezeka. Kituo cha afya watampima kwa chati ya umri wake; hesabu tuliyompa mama wa Kampala ni ya watu wazima.

Ale sufuria ile ya wote. Fedha ya shule ya mandazi na soda ipungue, apewe ndizi mbivu au yai la kuchemsha na maji. Apate saa moja ya kucheza kila siku, mpira, kamba, hata kuchota maji, na alale kwa muda wa saa 9 au zaidi kila usiku, bila simu kitandani. Asiitwe mnene mbele za watu: mtoto aliyeaibishwa hula kwa kujificha, nanyi hamtajua tena anachokula.

Ukiona ngozi nyeusi iliyokoza kama mahameli nyuma ya shingo, au anakoroma na pumzi kukatika usingizini, mpeleke kwa daktari mwezi huu. Akianza kunywa maji kupita kawaida, kuamka mara nyingi usiku kukojoa, au kukonda ghafla bila sababu, apimwe sukari siku hiyohiyo.