Mwanangu, kuhusu Crockett

Mwanangu, shikamoo yako imefika, marahaba baba. Umeuliza, baada ya kutembea kwenye ile paki ya Lawrenceburg, Tennessee, eti huyu David Crockett, yule Mmarekani wa zamani, alikuwa mkulima tu wa porini, sasa bungeni alifikaje.

Mi naanzia kwa baba yake maana hapo ndo niliumia kama mzazi. Mzee alikuwa na madeni kibao, akamtoa mtoto wa miaka 12 akaswage ng'ombe mpaka Virginia na mtu hata hamjui, baadae kijana akapiga kibarua miezi sita kufuta deni la baba la dola 36, alafu akaongeza mingine sita kwa deni lingine la dola 40 na hilo hakuna aliyemtuma. Darasani alikaa kama miezi sita tu jumla!

1821 wakamchagua bunge la jimbo la Tennessee. Kikao kimeanza tu, mafuriko ya Shoal Creek, hicho kijito ulichonitumia picha, yakazoa kinu cha nafaka, kinu cha baruti na mtambo wa pombe, na sehemu kubwa ya mtaji ilikuwa hela ya mkewe Elizabeth. Huyo mama ndo alisema tulipe wanaotudai mpaka senti ya mwisho, wakalipa, wakahamia magharibi kuanza upya, na 1823 watu wa huko nao wakampa kura.

Walimpa kwa sababu alikuwa mwenzao. Wengi walifyeka msitu wakajenga bila hati, anatokea mtu na karatasi ya zamani ya umiliki wa ardhi iliyotolewa na jimbo la North Carolina anawaambia tokeni, na Crockett alilipigania hilo bunge la jimbo mpaka alipofika Bunge la Marekani kule Washington, japo sheria aliyoitaka haikupita. 1830 akapinga kuwahamisha Wahindi Wekundu kwa nguvu, peke yake kati ya wabunge wote wa Tennessee. Ila nisikufiche, watumwa alikuwa nao, na hilo mi siwezi kulipaka rangi.

1835 akashindwa uchaguzi akaenda Texas kutafuta ardhi. Januari 1836 akamwandikia binti yake asiwe na wasiwasi, yuko na marafiki. Machi 6 akafa vitani kwenye ngome ya Alamo, hukohuko Texas, ana miaka 49. Ardhi ya Texas aliipata Elizabeth, miaka ya 1850 huko, akahamia akiwa mzee na akazikwa hukohuko Acton.

Mama yako