Re: Mashine ya farasi 15 inalemewa boti ikibeba mzigo

Salama mkuu. Umesema boti tupu inaruka vizuri ila ukipakia watu watano na barafu mashine inaguna tu, pua hainyanyuki. Kabla hujanunua propela angalia bushi ya mpira ndani ya hiyo uliyonayo, chora mstari wa rangi kuanzia bomba la ndani hadi la nje halafu kimbiza boti na mzigo, ukirudi mistari imepishana ujue mpira unateleza. Ikiwa sawa basi soma namba zilizogongwa kwenye propela, mfano 9¼ x 11, ya kwanza upana ya pili pichi, yaani inchi ambazo propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja, na kwako nadhani pichi ndo kubwa. Mimi navusha mizigo Mtwara mjini kwenda Msanga Mkuu, nilishuka toka 11 hadi 9, mbio zikapungua kidogo boti tupu lakini na mzigo inanyanyuka yenyewe. Ukishusha pichi inchi moja mashine inaongeza kama mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika, kwa hiyo azima geji ya kupima mizunguko, usivuke kiwango cha kitabu cha mashine. Za stenlesi sijawahi kufunga, natumia alumini. Tupia picha ya hizo namba tuone.