Kwa wanaoanza kutathmini uchimbaji wa mafuta na gesi baharini

Ukikabidhiwa kwa mara ya kwanza andiko la mradi wa kuchimba baharini, usikimbilie kuchora jedwali la faida na hasara kabla hujauliza kinachotafutwa humo mwambani ni mafuta au gesi. Nimesoma taarifa za vijana wenye bidii waliochukua maafa ya Ghuba ya Mexico ya mwaka 2010, pale kisima cha Macondo kilipolipuka, watu 11 wakafa na mafuta yakamwagika kwa siku 87, wakayabandika yalivyo kwenye visima vya gesi vya kusini mwa Tanzania. Gesi ikivuja haigandi ufukweni kama mafuta mazito. Madhara yake ni mengine: kwa kipindi cha miaka 20, methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, hupasha angahewa joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule.

Cha kujifunza Macondo ni kwamba ajali kuwa nadra hakuifanyi hatari kuwa ndogo. Kifaa cha kuzuia mlipuko, kilichokuwa sakafuni mwa bahari kwenye kina cha mita 1,500 hivi, kilishindwa kukiziba kisima, na hapo ni Marekani, nchi yenye meli na mafundi wa kila aina. Basi mwenye mradi akikwambia uwezekano ni mdogo, muulize chombo cha kuziba kisima kitatoka bandari gani na kitafika baada ya siku ngapi.

Kisha usome bahari yenyewe. Mkondo wa pwani yetu ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima, ukipata nguvu wakati wa kusi na kulegea wakati wa kaskazi, hivyo mafuta yanayomwagika upande wa Mtwara huweza kuwa tatizo la Mafia. Nenda pia kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa, uitazame mizizi ya mchu iliyochomoza matopeni kama penseli ili ipate hewa. Mafuta yakiifunika, mti hukosa pumzi, na kamba na samaki wachanga hukosa maficho. (Picha za setilaiti hazitakuonyesha hayo.)

Faida nazo zipimwe kwa ukali uleule. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, ilichukua nafasi ya mafuta yaliyoagizwa nje, na hiyo ni nafuu halisi kwa hewa. Gesi itakayosafirishwa ng'ambo haistahili kuandikiwa nafuu hiyo hapa, kwa kuwa hatujui itachukua nafasi ya makaa ya mawe au ya umeme wa jua.

Mwisho, kabla kisima cha kwanza hakijatobolewa, pima tope la sakafu ya bahari na uandike mavuno ya wavuvi katika kusi na kaskazi, kwa sababu bila takwimu hizo mvuvi anayedai fidia hana cha kuonyesha.