Pesa ya mkeka ni ya nani?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: mumeo kashinda jekipoti ya mkeka, sasa anataka talaka na anasema pesa ni yake peke yake kwa kuwa alibeti kwa simu yake. Hana haki ya kulisema hilo kirahisi hivyo. Wewe nawe usihesabu nusu mapema.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa ndani ya ndoa kwa juhudi za pamoja. Tarehe iko upande wako, maana pesa iliingia mkiwa bado mume na mke. Kazi ipo kwenye hizo "juhudi za pamoja". Kifungu cha 60 kinachukulia mali iliyo kwa jina la mmoja kuwa ni yake mpaka mwenzake athibitishe vingine, kwa hiyo mzigo ni wako. Onyesha hela ya kubetia ilitoka wapi, na nani alikuwa akilipa kodi, chakula na ada wakati yeye anabeti. Kazi za nyumbani nazo ni mchango. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na mumewe Ally Sefu. Lakini Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, kwa kuwa alikuwa ametapanya fedha alizopewa na mumewe. Ndiyo maana nakusihi: ukipata chochote sasa, usikichezee.

Pesa taslimu huyeyuka upesi. Leo iko benki, kesho ni kiwanja kwa jina la shemeji yako. Andika kila unachokijua: siku, kiasi, benki, kilichonunuliwa. Simu yake usiipekue. Shauri likifunguliwa, omba mahakama iamuru taarifa za benki zitolewe, na siku hiyohiyo omba zuio la muda, yaani amri ya kumkataza asiihamishe pesa shauri likiendelea. Nyumba mnayoishi hawezi kuiuza bila ridhaa yako.

Kiwanja ulichorithi kwa babu ni chako, ila pale alipojenga yeye atadai sehemu. Tafuta risiti za saruji na mabati ulizolipa wewe.

Kabla ya mahakama lazima mpite Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Likishindwa kuwapatanisha, lidai hati inayosema limeshindwa. Bila hiyo shauri la talaka kwa kawaida hutupwa. Nenda wiki hii, mama, kabla pesa haijahama.

Baba yako